Kemo, kazi na nyumba: jinsi ya kupanga siku zako ukitibiwa saratani Mombasa

Kila wiki napigiwa simu na mtu nisiyemjua. Namba yangu amepewa na shangazi yake, au na jirani, au na mtu waliyekaa naye benchi moja kliniki, na maswali ni yaleyale. Niache kazi? Naweza kwenda harusini Malindi? Watoto niwaambie nini? Nimeyajibu mpaka sauti imekauka, basi leo nayaandika.

Mimi si daktari. Ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, nakaa Kisauni, na nilitibiwa saratani ya titi kwa raundi sita za kemo, yaani dawa za kuua saratani, kisha mionzi. Ninachokijua ni kupanga siku. Aina ya dawa na kipimo chake muachie daktari wako, na akikwambia kinyume cha niliyoyaandika hapa, mfuate yeye.

Shika hili kwanza: ukiwa kwenye kemo, sahau Jumatatu na Ijumaa. Hesabu siku tangu dawa ilipoingia mwilini. Kuna siku ya kwanza, siku ya nne, siku ya kumi, siku ya kumi na saba, na kila moja ina tabia yake. Kazi, wageni, safari na mapishi vyote utavipanga juu ya hesabu hiyo.

Uwe na hivi kabla ya raundi ya kwanza

- Mpango wa matibabu kwa maandishi: majina ya dawa, raundi ngapi, baada ya siku ngapi. Ukiambiwa kwa mdomo, omba uandikiwe.
- Kipimajoto cha kwapani au mdomoni. Bila hiki usianze.
- Kalenda kubwa ya ukutani na kalamu za rangi tatu.
- Daftari, na faili la plastiki la kuwekea ripoti, majibu ya damu na risiti zote.
- Namba mbili za simu: ya kitengo cha kemo mchana, na ya kupiga usiku.
- Msindikizaji mmoja, na mwingine wa akiba. Wa kwanza ataumwa siku moja au atakosa ruhusa, usishangae.
- SHA, yaani bima ya afya ya serikali, iliyolipiwa na inayoonyesha kuwa hai.
- Mkoba wa safari: mifuko ya plastiki ya kutapikia, chupa ya maji, mtandio au kofia, dawa za kichefuchefu.

Hatua ya 1: Chora kalenda ya siku 21

Mipango mingi ya kemo hurudi kila baada ya siku 21, mingine 14, na mingine ni ya kila wiki. Nitatumia 21 kama mfano. Raundi sita ni siku 126, miezi minne na kidogo. Zichore zote sita siku moja, hata kama tarehe zitasogea baadaye.

Siku 1 hadi 5 zipake rangi nyekundu. Hapa ndipo penye kichefuchefu na uchovu. Siku 6 hadi 14 zipake manjano. Waweza kujisikia nafuu, lakini kwa kawaida huu ndio wakati chembe nyeupe za damu huwa chini, na kijidudu kidogo tu chaweza kukuangusha. Siku 15 hadi 21 zipake kijani. Hizo ndizo siku zako za kuishi.

Angalizo ambalo sikupewa na mtu: wengi hupewa dawa za jamii ya steroidi pamoja na kemo, kuzuia kutapika na mzio. Dawa hizo hukupa nguvu za bandia siku ya kwanza na ya pili. Mimi siku ya pili nilikwenda kazini nikamaliza faili za wiki nzima, nikawaambia wenzangu kemo ni maneno tu. Siku ya nne nilikuwa nimelala sakafuni bafuni, shavu kwenye marumaru kwa sababu ya ubaridi wake. Usipange mambo ya siku ya nne kwa nguvu za siku ya pili.

Hatua ya 2: Ifanye raundi ya kwanza iwe ya kujisomea

Kila mwili una mtindo wake, na mara nyingi mtindo huo hujirudia raundi hadi raundi, ingawa uchovu huongezeka kadiri unavyoendelea. Kwa hiyo raundi ya kwanza usiahidi lolote kwa yeyote. Kila jioni andika mistari mitatu: joto la mwili, ulichokula kikakaa tumboni, na saa uliyochoka. Ukimaliza siku 21 una ramani yako mwenyewe. Paka rangi upya raundi tano zilizobaki kwa kufuata daftari lako, hata kama inatofautiana na niliyokwambia hapo juu.

Hatua ya 3: Homa, kabla hatujafika kazini wala kokote

Naiweka hapa katikati kwa makusudi ili usiiruke.

Joto likifika nyuzi 38, nenda hospitali wakati huohuo. Usingoje asubuhi. Usimeze panadol kwanza, kwani itashusha joto na kuficha hatari ilhali maambukizi yanaendelea ndani. Ukifika mapokezi sema neno moja kabla ya mengine: "Niko kwenye kemo, dozi ya mwisho ilikuwa tarehe fulani." Yaandike maneno hayo kwenye karatasi na uiweke ndani ya kasha la simu, kwa maana ukiwa na homa kali hutayakumbuka.

Kosa kubwa la sisi watu wa Pwani ni kwamba homa ikipanda tu, tushasema malaria. Mtoto anatumwa duka la dawa, mgonjwa anapewa vidonge vya malaria, analala. Kwa mtu mwenye chembe nyeupe chini, usiku huo mmoja waweza kumuua. Malaria itapimwa hukohuko hospitali.

Mkaazi wa Likoni au Ukunda, ng'ambo ya feri, apange njia yake kabla ya homa kuja. Jua hospitali iliyo upande wako inayopokea dharura usiku. Kwenye feri, ambulensi hupewa nafasi mbele, gari la jirani huenda likakwama kwenye foleni. Barabara ya Dongo Kundu, isiyopitia feri, nayo ipo siku hizi. Ijaribuni mchana siku moja mjue inachukua muda gani kutoka mlangoni kwenu.

Hatua ya 4: Kazi

Usiache kazi kwa hofu. Piga hesabu kwanza.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 yampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, kila mwaka, akileta cheti cha daktari. Likizo ya mwaka haipungui siku 21 za kazi. Jumla ni 35. Mkataba wako au makubaliano ya chama cha wafanyakazi yaweza kukupa zaidi, kwa hiyo usome.

Sasa tazama upande wa pili. Tuseme dozi yako ni Alhamisi. Siku ya tatu na ya nne, zile mbaya, zinaangukia Jumamosi na Jumapili. Kazini utakosa Alhamisi yenyewe, Jumatatu, na pengine Ijumaa. Siku tatu mara raundi sita ni 18. Ongeza asubuhi sita za kupima damu kabla ya dozi, nusu siku kila moja, ni siku 3. Jumla 21. Umebakiwa na 14 za ajali na mionzi. Ikiwa kitengo chako kina siku moja tu ya kemo kwa wiki, huna la kuchagua. Ikiwa zipo mbili tatu, iombe Alhamisi au Ijumaa kwa adabu, na uombe mapema.

Ukienda kumwona bosi, usiende na machozi wala na ripoti ya maabara. Nenda na kalenda. Mwambie: siku hizi sitakuwapo, siku hizi nitakuwapo lakini mbali na kaunta ya wateja, na siku hizi nipe kazi nzito. Bosi anachoogopa zaidi ni kutojua lini upo na lini hupo. Wangu alikunja uso mpaka alipoona rangi ya kijani, kisha akauliza kama naweza kumalizia hesabu za mwezi siku hizo. Nikaweza.

Mambo matatu ya kuangalia. Kila cheti cha ugonjwa toa nakala na ubaki nayo. Ruhusa yoyote mliyokubaliana kwa mdomo, iandikie ujumbe siku hiyohiyo: "Kama tulivyokubaliana leo..." Na akitaka kukuachisha kwa kuwa mwili hauwezi kazi, sheria hiyohiyo, kifungu cha 41, yamtaka akueleze sababu kwanza katika lugha unayoielewa, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama unayemchagua, na asikilize utetezi wako. Usitie sahihi barua ya "kujiuzulu kwa hiari" ukiwa kwenye siku nyekundu.

Na mwenye biashara yake? Wewe wa kibanda cha viazi karai na bhajia huna bosi, lakini huna likizo pia. Moshi wa mafuta na siku nyekundu havipatani. Mfundishe mtu mmoja kukaanga kabla ya raundi ya pili, wewe ubaki na hesabu na manunuzi.

Mionzi ni habari nyingine. Zamani mtu wa Pwani akiandikiwa mionzi alifunga mzigo kwenda Nairobi. Siku hizi hupatikana Mombasa pia. Kwa kawaida ni Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki kadhaa. Kupigwa kwenyewe ni dakika chache, kinachokula siku ni foleni na matatu. Omba saa ya asubuhi kabisa au ya mwisho, uende kazini nusu siku. Na usiruke siku bila kumwuliza daktari, maana hesabu yake imepangwa kwa mfululizo.

Hatua ya 5: SHA na pesa

Tangu Oktoba 2024 SHA ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Ukiajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na usipoajiriwa hulipa mwaka mzima kwa pamoja. Piga *147# uangalie kama malipo yako yanaonekana. Kukatwa kwenye mshahara si sawa na kufikishwa, na hilo nililigundua nikiwa nimesimama dirishani.

Kemo huhitaji idhini kabla ya kutolewa, na fungu la saratani lina kikomo kwa familia kwa mwaka. Basi kila raundi uliza maswali mawili: idhini imetoka? Limebaki kiasi gani? Uliza siku ya kupima damu, usingoje siku ya dozi.

Mchango wa familia uwe na mweka hazina ambaye si wewe. Mgonjwa akishika pesa za mchango, kila shilingi ya tuktuk itajadiliwa kwenye kundi la WhatsApp.

Hatua ya 6: Nyumbani, tafuta mlinzi wa mlango

Hapa ndipo wengi tunapoanguka. Mji wetu kumtazama mgonjwa ni haki yake, na watu huja kwa mapenzi. Wanakuja na watoto wenye mafua, wanakaa kitandani kwako, wanakukumbatia, na wanakuja siku ya tisa hasa, maana ndipo habari inapokuwa imewafikia wote. Wewe huwezi kuwafukuza. Binti yako hawezi kumwambia mkubwa "rudi". Mumeo ataona haya.

Inatakiwa mtu mzima. Mtafute bibi, shangazi au somo mwenye ulimi na heshima, umpe kalenda, umwambie siku za kijani ndizo za wageni. Kwangu alikuwa shangazi yangu mkubwa. Aliweka kiti barazani, na kila aliyekuja siku ya manjano alipewa chai ya tangawizi hapohapo nje, dua ikaombwa hapohapo nje, akaondoka ameridhika. Hakuna aliyenuna, au aliyenuna hakuthubutu kumwambia.

Mwombe pia azuie udi na ubani. Watu hufukiza kwa nia njema, lakini harufu kali siku nyekundu yatosha kukutapisha. Samaki nao wakaangwe kwa jirani siku hizo, siombi radhi kwa kusema hivyo.

Watoto waambie kwa maneno machache ya kweli: mama ana ugonjwa, hauambukizi, dawa yake inachosha na itamnyoa nywele. Sema habari ya nywele mapema. Kwa dawa zinazonyoa, huanza kutoka kati ya wiki ya pili na ya tatu.

Kwa anayekuhudumia: saa 48 baada ya dozi, matapishi na mkojo vishikwe kwa glavu, na choo kimwagwe maji mara mbili. Kwa wanandoa: kinga itumike na mimba isiingie wakati wa matibabu. Hili daktari anaweza kusahau kulisema na wewe ukaona haya kuliuliza. Uliza.

Chakula kifupi tu. Kila kitu kiive na kiliwe moto. Kachumbari, juisi ya miwa ya barabarani na urojo wa kibandani viache siku za manjano. Kinywa kikiwa na vidonda, achari na pilipili vipumzike. Uji, ndizi mbivu za nazi, mayai yaliyoiva vizuri na supu ya samaki hupita. Dawa ya kichefuchefu imezwe kwa saa uliyoandikiwa, kabla hujatapika. Mwarubaini, shubiri, habasoda na chochote cha chupa ulicholetewa kutoka bara, kiweke kando na umwonyeshe daktari kwanza, maana vingine hugongana na dawa. Na ikiwa dawa yako ni oxaliplatin, maji ya friji ni mwiko siku za mwanzo: yatakuchoma koo na vidole kama sindano, hata kwa joto hili letu la Kaskazi.

Hatua ya 7: Safari

Safiri siku za kijani, na umwambie daktari kabla ya kukata tiketi.

Kwenda Nairobi, treni kutoka Miritini ni bora kuliko basi la usiku. Ni kama saa tano, kuna choo, na unaweza kusimama kutembea. Simama kweli, kila saa. Saratani na kemo huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika, hiyo ni dharura. Foleni ya ukaguzi wa mizigo ni ndefu. Fika mapema na uombe kiti cha magurudumu bila aibu.

Dawa zikae mkobani, kamwe zisiwe kwenye mzigo unaopakiwa. Beba barua ya daktari yenye majina ya dawa na tarehe ya dozi ya mwisho. Kwa nchi za Ghuba, dawa za maumivu za jamii ya mofini huhitaji idhini kabla ya kuingia, usibebe kwa kubahatisha.

Kwa wanaofikiria India: anayetoka Kenya hutakiwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo ina virusi hai, na mtu aliye kwenye kemo kwa kawaida hachanjwi. Ukiwa na cheti cha zamani kinatosha, kwani sasa ni cha maisha. Kama huna, muulize daktari kabla ya raundi ya kwanza. Ukishaanza, utahitaji hati ya daktari ya kukusamehe chanjo, na ubalozi uulizwe mapema kama wataikubali. Cheti kipya huanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya kuchanjwa.

Hatua ya 8: Ramadhani

Qur'ani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Siku nyekundu na za manjano unahitaji maji mengi na dawa kwa saa zake. Zungumza na daktari, kisha na shekhe wako, kwa utaratibu huo. Nilipika futari nikawatazama wakifuturu, na nililia kidogo. Ukilia nawe si ajabu.

Mambo yakikwama

*Damu imerudi chini, dozi imesogezwa wiki, na tiketi nimeshakata.* Hutokea sana. Usimbembeleze daktari akupe dozi. Sogeza rangi zote kwenye kalenda, mtumie bosi na shangazi picha mpya siku hiyohiyo. Tiketi kata zinazobadilishika.

*Idhini ya SHA haijatoka na leo ndiyo dozi.* Usirudi nyumbani kimya. Mtafute afisa wa SHA wa hospitali, pata jina lake na namba ya ombi, rudi kwa muuguzi wa kemo umwombe akuwekee nafasi ya kesho.

*Nimetapika kidonge.* Usimeze kingine kwa kukisia. Piga simu.

*Mkojo umekuwa mwekundu.* Kama dawa yako ni ile ya rangi nyekundu, kwa siku moja au mbili ni rangi ya dawa. Ikizidi hapo, au kama dawa yako si hiyo, nenda hospitali.

*Wenzangu kazini wananong'ona.* Chagua mmoja unayemwamini, mpe habari unayotaka ienee. Atakusaidia kuieneza.

*Mume au mke amechoka kuliko mimi.* Mpe siku mbili za kijani aende zake, alale kwa nduguye au akavue samaki. Msindikizaji wa akiba ndiyo kazi yake.

*Nimeshindwa kuamka kwenda kazini siku ya kijani.* Angalia joto kwanza. Likiwa chini ya 38, ona kama huu ni uchovu wa kawaida wa raundi za mwisho: mimi raundi ya tano na ya sita kijani changu kilianza siku ya 17. Lakini ukipumua kwa shida, ukisikia kizunguzungu ukisimama, au ukiwa mweupe viganjani, huenda damu imepungua. Nenda ukapime leo, na faili lako la plastiki usilisahau mezani.